MVUA ZIJAZO NA DAMU YA JIRANI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani, Malampaka



Ndugu makatekista, wenyeviti wa vigango na wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akina mama wa WAWATA, akina baba, vijana, nanyi nyote wapendwa katika Kristo,

Tume ya Haki na Amani imeniomba niseme nanyi juu ya mvua. Yamkini wapo walioshangaa waliposikia jambo hilo. Mvua huileta Mungu, mtasema, na kuipima ni kazi ya wataalamu. Haki na Amani inaingiaje hapo? Naomba nijibu kwa kisa kimoja, kisha tuendelee pamoja taratibu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine niliyokuwa nimetumwa, nilimzika mtoto wa darasa la sita aliyesombwa na maji akitoka shuleni. Alipita pale pale alipopita kila siku, juu ya kalavati ya zamani, kwenye korongo ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mvua ya siku ile ilinyesha kwa muda wa saa mbili tu, tena mbali, upande wa juu. Maji yalifika kivukoni jua likiwaka.

Katika mahubiri ya maziko nilisema kwamba yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu. Nilidhani nawafariji wazazi. Siku ya nne katekista akaja usiku kuniambia kwamba maneno yameanza kuzunguka: ajuza mmoja, mjane mwenye shamba karibu na kivuko, ametajwa. Akina mama wa jumuiya yake wakahamia kwake kwa zamu, wakalala naye majuma mawili mpaka hasira ilipopoa. Bibi yule alinusurika.

Baadaye dhamiri yangu ilinisumbua. Padre alisema ni Mungu. Majirani walisema ni mkono wa mtu. Kalavati ile, ambayo ndama asingeweza kupenya ndani yake, hakuna aliyeitaja. Msimu uliofuata ilikuwa bado pale pale, na watoto walikuwa bado wanapita juu yake.

Ndiyo maana leo nataka tujifunze wataalamu wa tabianchi wanasema nini juu ya mvua kubwa zijazo, kisha tujiulize maarifa hayo yanatudai nini sisi Wakristo wa nchi hii ya Usukuma.

1. MVUA AMBAYO HAIJANYESHA HUPIMWAJE?

Wazee wetu walisoma dalili za mvua katika upepo, katika miti, katika ndege na katika mwezi. Mtaalamu wa tabianchi naye husoma dalili, ila chombo chake ni kompyuta yenye nguvu sana. Ndani yake huingiza kanuni za maumbile: jinsi hewa inavyopanda ikipata joto, jinsi mvuke unavyogeuka wingu, jinsi upepo unavyosukumwa kutoka huku kwenda kule. Kisha huigawa anga katika miraba mingi, kama mtu anayegawa shamba la mpunga katika majaluba, na kwa kila mraba kompyuta hukokotoa joto, unyevu, upepo na mvua, saa baada ya saa, kwa miaka mingi. Kwanza huiagiza ikokotoe miaka iliyokwisha kupita, ili matokeo yalinganishwe na mvua iliyopimwa kweli. Ikionekana inaaminika, huiagiza ikokotoe miaka ijayo, dunia ikiwa na joto zaidi.

Shida kubwa ya hesabu hizo ilikuwa ukubwa wa miraba. Kwa miaka mingi mraba mmoja ulikuwa na upande wa kilometa 100 au zaidi. Mkulima yeyote wa hapa ajua kwamba mvua yetu haiji hivyo. Wingu moja la radi hulowesha kijiji kimoja, na kijiji cha jirani kinabaki na vumbi. Katika mraba mkubwa namna ile wingu hilo halionekani, na hata Ziwa Viktoria huwa kama madoa machache ramani nzima. Kwa hiyo wataalamu wakatafuta njia ya kupunguza miraba. Waingereza walitengeneza hesabu ya Afrika nzima yenye miraba ya kilometa 4.5, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba, kwa hesabu hiyo inayoyaona mawingu ya radi vizuri zaidi, mvua kali za muda mfupi zitaongezeka kuliko ilivyodhaniwa hapo kabla. Aidha, kwa Afrika ya Magharibi na ya Kati, ilionekana kwamba hata vipindi vya ukame katikati ya msimu wa mvua vitarefuka.

Kwa nini joto lizidishe mvua kubwa? Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Hewa yenye joto ni kama mtu aliyepewa ndoo kubwa zaidi: hukawia kuijaza, lakini akiimwaga, humwaga mengi. Tuifanyie hesabu ya shambani. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya ekari moja, imemwaga zaidi ya lita 200,000 za maji. Asilimia 7 ya hizo ni lita 14,000, yaani ndoo 700 za lita 20, kwa ekari moja tu. Sasa zidisheni kwa ekari zote zinazoteremsha maji yake katika korongo moja, mtaelewa kwa nini kalavati iliyotosha zamani haitoshi tena.

2. WALIYOYAONA JUU YA ZIWA LETU

Mwaka 2016 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Wim Thiery, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya utafiti uliohusu Ziwa Viktoria, ziwa ambalo Mto Simiyu humwaga maji yake ndani yake. Walitumia hesabu yenye miraba midogo, na vilevile picha za satelaiti zinazoona dhoruba hata pale ambapo hapana kituo cha kupimia.

Walieleza kwanza jambo ambalo wavuvi wanalijua kwa machozi. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, na mawingu hukua juu ya nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto, na pepo hushuka kutoka pande zote kwenda kukutana juu ya maji. Huko hupanda, zikafanya dhoruba za radi za usiku wa manane. Dhoruba hizo huua wavuvi ambao idadi yao hukadiriwa kwa maelfu kila mwaka, katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa. Watafiti waligundua kwamba mvua iliyonyesha mchana juu ya nchi kavu husaidia kuamua kama usiku ziwani kutakuwa na dhoruba kali. Kwa maneno mengine, wingu linaloinyeshea nchi kavu alasiri lina udugu na dhoruba itakayompata mvuvi usiku.

Kisha wakatazama mbele. Iwapo dunia itaendelea kumwaga hewa ukaa kwa wingi, dhoruba kali ya namna inayotokea mara moja katika miaka 15 ingeweza, kufikia mwisho wa karne hii, kutokea ziwani karibu kila mwaka. Juu ya nchi kavu inayolizunguka ziwa mvua kali nazo zingeongezeka, ila kwa kiasi kinachokaribia nusu ya ongezeko la ziwani.

Napenda tuelewe vizuri maneno “mara moja katika miaka 15”. Hayana maana kwamba ikinyesha mwaka huu tutapumzika miaka 14. Maana yake ni kwamba kila mwaka pana nafasi moja kati ya 15. Mhandisi wa daraja hufanya hesabu ya namna hii. Huuliza mvua kubwa iliyozoeleka ni ipi, kisha hujenga kwa kipimo hicho. Sisi wa Malampaka tunaishi kando ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Madaraja yake ya kwanza yalipimwa kwa mvua ya enzi zile. Kila jambo linalojengwa katika siku zetu, liwe reli mpya, shule, zahanati au kivuko cha kijiji, litaishi katika mvua za wajukuu wetu. Ni haki ya wajukuu hao kwamba anayejenga leo aulizwe: umepima kwa mvua ipi?

3. WATAALAMU SI MANABII

Imetupasa pia kuwa wakweli. Hesabu hizi hazisemi kwamba tarehe fulani mvua fulani itanyesha Malampaka. Zinaeleza uwezekano, na siku zote zina neno “ikiwa” ndani yake: ikiwa dunia itapata joto kiasi hiki, basi mvua kali zitakuwa hivi.

Tena wapo wakati ambapo hesabu na mambo yaliyotokea havikupatana. Hesabu nyingi zilionyesha kwamba mvua za masika za Afrika Mashariki zingeongezeka, hali vipimo, kuanzia miaka ya 1980, vilionyesha zikipungua kwa miaka mingi. Wataalamu wenyewe waliikiri tofauti hiyo hadharani, wakaiita fumbo la tabianchi ya Afrika Mashariki, na wakaendelea kulichunguza. Mimi naiheshimu sana tabia hiyo. Mtu anayetaja mahali ambapo hesabu yake ina mashaka anastahili kusikilizwa kuliko mganga asiyekosea kamwe.

Hali kadhalika si kila maafa yana sababu moja. Masika ya mwaka 2024 yalileta mafuriko makubwa Kenya, Tanzania na Burundi. Mwezi Aprili mwaka huo Waziri Mkuu aliliarifu Bunge letu kwamba watu 155 walikuwa wamekufa hapa nchini na 236 kujeruhiwa. Jopo la wataalamu, miongoni mwao Joyce Kimutai wa Kenya, lilichunguza na kukadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza ukali wa mvua ile kwa takribani asilimia 5. Mtasema ni kidogo. Lakini wataalamu hao hao waliongeza kwamba madhara yalikuwa makubwa mno kwa sababu ya mahali watu walipolazimika kujenga, mabondeni na kingoni mwa mito, na kwa sababu miji imekua bila njia za maji. Hapo mtaalamu wa mvua amefika mlangoni pa Tume ya Haki na Amani. Mvua yaweza kuwanyeshea matajiri na maskini kwa usawa. Bondeni wako maskini.

4. MVUA NA DAMU YA WAZEE

Sasa nafikia jambo zito kuliko yote, na naomba mnivumilie.

Mwaka 2005 mtaalamu wa uchumi kutoka Marekani, Edward Miguel, alichapisha utafiti alioufanya Meatu, jirani zetu, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa mkoa wa Shinyanga na tangu mwaka 2012 imo pamoja nasi katika mkoa wa Simiyu. Alikusanya habari za vijiji 67 kwa miaka iliyoanzia 1992 hadi 2002. Aliweka upande mmoja kumbukumbu za mvua, upande wa pili kumbukumbu za mauaji. Alichokiona ni hiki: katika miaka ya mvua iliyopita kiasi, ama ukame ama mafuriko, mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wachawi yalikaribia kuwa maradufu ya miaka mingine. Mauaji ya namna nyingine hayakuongezeka. Waliouawa wengi walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa watu wa ukoo wao wenyewe.

Tulitafakari hilo kwa dakika moja. Mvua ikiharibu mahindi na pamba, chakula ghalani kinapungua. Chakula kikipungua, nyumba huanza kuhesabu midomo. Halafu ng'ombe anakufa, au mtoto anaugua, na mtu anatafutwa. Naye hupatikana yule asiye na mtetezi: mjane, mwenye macho mekundu. Sisi sote tunajua macho hayo yamepata wapi wekundu wake. Ni moshi wa miaka 50 jikoni, wa kupikia kwa mabua na mavi ya ng'ombe, akiwapikia watoto na wajukuu wale wale.

Sasa tuweke tafiti mbili bega kwa bega. Wa kwanza unatuambia kwamba miaka ya mvua iliyopita kiasi itaongezeka. Wa pili unatuambia kwamba, katika nchi yetu hii, miaka ya namna hiyo imekuwa miaka ya kumwaga damu ya wazee. Mtu akiyasikia yote mawili, kisha akanyamaza, dhamiri yake haitamwacha alale.

Simaanishi kwamba mvua ndiyo inayoua bibi zetu. Mvua haishiki panga. Anayeshika panga ana hiari na atajibu mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Lakini jamii inayojua kwamba kishawishi kinakuja, isijiandae, ina sehemu yake katika hatia.

5. NANI ATAJIBU?

Wapendwa, kuna hekima katika mila yetu ambayo yafaa tuikumbuke. Zamani katika Usukuma, mtemi ndiye aliyewajibika kwa mvua. Mvua zikikosekana, au zikiharibu, watu walimwendea yeye, na aliweza hata kuondolewa madarakani. Leo hatuamini kwamba mtawala hushusha mvua, na tunafanya vema. Lakini wazo lililokuwa ndani ya mila hiyo, kwamba mwenye mamlaka ajibu watu wake wanapoumizwa na mvua, tuliliacha bila sababu. Hasira iliyokuwa ikipanda hadi ikulu ya mtemi, sisi tumeielekeza chini, kwa ajuza wa mwisho wa kijiji.

Maandiko Matakatifu hayatuachi gizani. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu aliarifiwa juu ya watu waliopatwa na msiba, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa katakata wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Aliwataka wasikilizaji wake watubu wao wenyewe. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu alimwagiza kila ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili mtu akianguka nyumba ile isiwe na hatia ya damu. Tazameni jinsi sheria hiyo ilivyo ya kawaida: ni habari ya matofali na ukingo. Hata hivyo Mungu huita kukosekana kwake jambo la damu. Kwangu mimi tangu siku ile, kalavati iliyo ndogo kuliko maji yake ni dari isiyo na ukingo.

Wapo na wanaojibu kutoka mbali. Joto la dunia limepanda kwa sababu ya makaa, mafuta na gesi zilizochomwa kwa zaidi ya miaka 150, hasa na nchi tajiri. Sehemu ya Afrika nzima katika hewa ukaa inayotolewa kila mwaka ni takribani asilimia 4 tu. Mkulima wa Maswa mwenye jembe na jozi ya maksai hakuyaleta haya. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alilifundisha jambo hilo katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, na tena katika Laudate Deum wa Oktoba 2023: uharibifu wa dunia na mateso ya maskini ni suala moja, na walioharibu zaidi wana deni kubwa zaidi. Kwa hiyo misaada ya kukabiliana na tabianchi, kama ile ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ambao mwaka 2017 uliidhinisha mradi wa maji kwa ajili ya mkoa wetu wa Simiyu, ni malipo ya deni kuliko kuwa sadaka. Na kwa kuwa ni haki yetu, tuna haki pia ya kuuliza kila hatua imetumikaje.

Lakini deni la wengine lisitufunge macho tusione letu. Miti ya nchi hii tuliifyeka kwa mikono yetu, tukiondoa mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, mpaka nchi ikawa kama kiganja. Mashukuru kwa Mungu, tulionyesha pia kwamba twaweza kutubu. Kuanzia mwaka 1986, chini ya mpango wa HASHI, wakulima na wafugaji wa mkoa wa Shinyanga wa wakati ule walifufua ngitili za mababu, na zaidi ya hekta 300,000 zikapona. Ngitili ni malisho ya kiangazi. Lakini kwa maji ya mvua ni breki. Tone linaloangukia nyasi na mizizi huzama ardhini, linaloangukia ardhi tupu hukimbilia korongoni.

6. TUFANYE NINI?

Yosefu mwana wa Yakobo alifasiri ndoto ya Farao, akaona miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa. Watu wa Misri hawakuokolewa na tafsiri ile. Waliokolewa na maghala yaliyojengwa baada yake. Basi na sisi tujenge. Natoa mapendekezo matano.

Kwanza, kila kigango kiorodheshe vivuko vya hatari vya eneo lake: korongo gani, watoto wangapi huvuka, kalavati ina upana gani, maji yalifika wapi mara ya mwisho. Orodha hiyo ipelekwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, iandikwe katika muhtasari, na jibu lidaiwe kwa adabu, bila kuchoka.

Pili, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zisomwe kanisani pamoja na matangazo ya ndoa. Mamlaka hiyo hutoa utabiri wa vuli na wa masika kwa ukanda wa Ziwa Viktoria, ambamo Simiyu imo. Katekista autafsiri Kisukuma, ili bibi asiyejua kusoma asiwe wa mwisho kuujua. Nanyi walimu na wazazi, mkubaliane mapema kwamba siku ya mvua kubwa upande wa juu watoto wabaki shuleni mpaka maji yapungue.

Tatu, tupime mvua yetu wenyewe. Hesabu za wataalamu hulinganishwa na vipimo, na vituo vya kupimia katika bara letu ni vichache mno. Kipimamvua ni chombo rahisi, na vijana wetu wa sekondari waweza kusoma milimita kila asubuhi saa tatu na kuziandika daftarini. Kijiji chenye daftari la miaka kumi kitazungumza na mhandisi kwa namna nyingine kabisa.

Nne, ngitili zitunzwe, na kingo za makorongo zisilimwe. Najua jambo hili ni gumu, kwani mashamba yamekuwa madogo. Hata hivyo shamba linaloliwa na korongo kila mwaka halitabaki la mtu.

Tano, na hili ni agizo zaidi kuliko pendekezo: kila Jumuiya iwajue kwa majina wazee wanaoishi peke yao, na mwaka wa mvua mbaya ukianza, watembelewe zaidi, wasaidiwe nafaka, na wasiachwe peke yao usiku. Mtafiti wa Meatu alipendekeza wazee wapewe pensheni, kwa kuwa mzee anayeleta kitu nyumbani haonekani mzigo. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70. Sisi twaweza kulidai jambo hilo kwa wawakilishi wetu, na wakati tunalingoja, debe la mahindi kutoka Jumuiya ni mwanzo. Yeyote akisikia mwenzake anapelekwa kwa mpiga ramli “kutafuta sababu”, aje atuambie siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

HITIMISHO

Ndugu zangu, tangu kisa kile sijasema tena makaburini kwamba kifo cha mtoto aliyesombwa ni mapenzi ya Mungu. Nasema kwamba Mungu analia pamoja na wazazi wake, na kwamba anatuuliza swali alilomwuliza Kaini kuhusu ndugu yake. Kisha, baada ya siku za matanga, naomba wanaume na wanawake wa jumuiya twende pamoja kivukoni tukapime kalavati kwa kamba.

Bikira Maria, Mama wa Huruma, atuombee. Tumsifu Yesu Kristo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika eneo letu, maji ya mvua yalimdhuru nani mara ya mwisho? Watu walisema sababu ilikuwa nini? Je, kuna sababu ambayo hatukuitaja?

2. Ni mzee gani katika Jumuiya yetu anayeishi peke yake? Nani alimtembelea juma lililopita?

3. Kivuko kipi tutakianza kukipima, lini, na nani atalipeleka jambo hilo katika mkutano wa kijiji?

4. Someni Luka 13, aya ya 1 hadi ya 5. Bwana anatutaka tutubu nini kuhusu namna tunavyotafuta wa kulaumiwa?